Nyota kwa Jina la Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi. Mvua.

Nimefika. Miguu imeumuka kama unga wa mkate na kiuno hakinitaki, lakini nimefika. Mwanangu alinipokea uwanja wa ndege. Amenenepa, amependeza, ananukia sabuni nisiyoijua. Nilimkumbatia mpaka akaniambia, Mama, watu wanataka kupita. Wapite kwingine. Miaka yote hii namwona kwenye kioo cha simu, leo nimemshika, eti nimwachie kwa sababu ya watu na mabegi yao.

Hakunipeleka kwake. Anasema anakaa nyumba za kampuni na wageni hawaruhusiwi, hata awe mama mzazi. Amenipangia chumba ghorofani, juu ya duka la kufulia nguo. Chumba ni kizuri, sitasema uongo. Kitanda, birika la umeme, dirisha linaloangalia barabara, kiti kimoja. Hicho kiti kimoja kimenikera. Mtu akinitembelea atakaa wapi?

Nauli nimejilipia kwa kiinua mgongo changu. Nimepika shule ya bweni tangu sina mvi mpaka nikawa mpishi mkuu, na watoto wa watu wakaniita Mama Ukoko kwa sababu sikuruhusu ukoko utupwe. Nimekuja na nia moja tu: nile mezani kwa mwanangu. Hata mara moja. Nimembebea kitambaa cha meza nilichotarizi mwenyewe, maua ya zambarau kwenye pembe zote, na nimeapa nitakitandika kwa mkono wangu. Kiko chini ya sanduku. Ruhusa yangu ya kukaa inaisha Mei, kwa hiyo nafasi ipo.

Jumanne, 4 Machi. Mvua.

Ile ramani ya kwetu haifanyi kazi huku. Nilipoifungua ilinionyesha niko katikati ya ziwa. Mwanangu alicheka, akaniwekea ramani yao, na programu nyingine ya migahawa. Ya migahawa inataka namba ya mkazi wa hapa ili kujiandikisha, na mimi sina, basi akaiingiza kwa akaunti yake. Nikiifungua namwona yeye, pichani amevaa tai, anatabasamu. Akanionya nisiguseguse hovyo. Yeye ataniagizia chakula akiwa kazini, kitaletwa mpaka mlangoni, mimi kazi yangu ni kula.

Lugha yenyewe ni ya kwao lakini kuna kitufe cha kuigeuza kuwa Kiswahili, Kiswahili cha kuokoteza. Mwanamke wa kwenye ramani nimempa jina, Bi Kona. "Pinduka mkono wa kushoto sasa hivi." Hana hata tafadhali.

Alhamisi, 6 Machi.

Chakula cha kwanza kimeletwa. Nimekula peke yangu, kwenye kiti changu kimoja. Nilipomaliza, simu ikaniuliza: chakula kilikuwaje? Mimi tena! Mtu ameniuliza swali hilo mara ngapi maishani? Nimepikia watoto mamia kwa mamia na hakuna aliyetaka kujua mimi naonaje chakula cha wengine.

Nikaandika: "Wali umeiva ila haukufunikwa vizuri. Mchuzi una chumvi ya mtu mwenye hasira. Nyota mbili, na moja ni ya aliyeleta, maana alikuwa amelowa chepechepe."

Jumapili, 9 Machi. Mvua.

Mwanangu amekuja jioni. Alikaa kwenye kiti, mimi kitandani. Nusu saa, jicho moja kwangu na jingine kwenye simu. Nikamuuliza lini nitaona anapoishi, hata kwa nje tu. Akasema tutaona, Mama, mambo yakitulia.

Ijumaa, 14 Machi.

Makubwa haya, nina mashabiki. Watu wanasoma maoni yangu! Chini yake wanaweka kopa nyekundu, na mgahawa wa supu umenijibu, umenishukuru na kuahidi kupunguza pilipili. Bila shaka wanadhani ni mwanaume kijana mwenye tai ndiye anayewafundisha kuchemsha mifupa. Kuna mmoja huwa wa kwanza kuweka kopa, kila mara. Badala ya uso ameweka picha ya viatu vya mvua vya mtoto, vyekundu. Simjui, lakini nikishaandika namsubiri.

Jumanne, 18 Machi.

Mvua. Samaki. Nimeandika: "Samaki ni mbichi wa leo, amekaangwa na mtu anayejua kazi. Ameniagizia mwanangu. Yeye hakuja." Nyota nne.

Jumapili, 23 Machi. Mvua.

Amekuja, amekaa, ameondoka. Alipogeuka kufungua mlango niliona mgongoni pake, kwenye shati, kimebandikwa kikaratasi cha kung'aa chenye picha ya bata. Nikakibandua, nikamuuliza hiki nini. Akasema lazima ni dukani, wanawabandikia wateja. Nikasema haya. Nimekibandika kwenye birika.

Jumatano, 2 Aprili. Mvua kubwa.

Saa moja jioni simu ililia: chakula chako kiko njiani. Sikuwa naagiziwa leo, alishasema nile mkate. Nikajua ameona mvua hii, akanionea huruma. Nikaosha sahani, nikafungua ramani kuifuata ile pikipiki, maana huwa napenda kuiona inavyokuja. Inatembea kama mdudu kwenye mistari ya barabara. Ilifika hapa kona ya duka la kufulia. Nikasimama mlangoni kabisa na sahani yangu.

Ikanipita. Ikashika daraja, ikavuka mto, ikaingia mitaa ya ng'ambo, ikasimama. Simu ikasema: kimefika, furahia mlo wako.

Nikadhani dereva amepotea. Nikabonyeza nione ameniletea nini ili nipige kelele vizuri. Chakula cha watu wazima wawili. Uji wa mtoto, bakuli dogo. Kijiko cha plastiki cha mtoto, kimoja. Kikombe cha maziwa chenye mdomo wa kunyonyea.

Nikaangalia anwani. Ile ya ng'ambo ameiandika "Nyumbani". Hii ya kwangu, ya hapa juu ya duka la kufulia, ameiandika "Mgeni".

Nimekula mkate.

Alhamisi, 3 Aprili.

Sikulala, na sitasema nililala. Asubuhi nilivaa koti, nikamwambia Bi Kona anipeleke Nyumbani. Nikabonyeza tu hilo neno. Naye hakuuliza maswali, akasema tembea moja kwa moja.

Daraja lina upepo, mwavuli wangu uligeuka ndani nje, nikaukunja na kulowa. Ng'ambo kuna mitaa yenye miti iliyokatwa vizuri na maduka ya mikate. Bi Kona akaniambia umefika unakokwenda. Ni jengo la matofali lenye ngazi fupi mbele na sanduku la barua. Nikasimama upande wa pili, chini ya paa la duka la dawa, najifanya nasoma bei za sabuni. Miguu ilikuwa inataka kuvuka, moyo unaikatalia.

Wakatoka. Yeye mbele, amembeba mtoto wa kike shingoni. Nyuma yake mwanamke mwembamba, anafunga mlango kwa ufunguo na huku anacheka kitu alichoambiwa. Mtoto alikuwa amemshika baba yake masikio, anayavuta kama usukani. Na masikio yake mwenyewe, yale ya mtoto, ni ya marehemu mume wangu. Yametokeza vilevile. Ningeyajua hata gizani.

Miguuni alikuwa na viatu vya mvua vyekundu.

Viatu vile nimevizoea. Kila ninapoandika kwamba mwanangu hakuja, vinakuja na kopa yao. Kumbe anayenisoma ni mke wa mwanangu.

Sikuita. Nimejiuliza njia nzima kwa nini sikuita, mimi ninayejulikana kwa domo, mimi niliyekuwa nikiita bweni zima waje kula bila kipaza sauti. Nadhani niliogopa asije akageuka na kunitazama kama mtu asiyenijua. Kama angenitazama hivyo ningeangukia palepale kwenye sabuni. Wakakata kona, nikabaki naangalia mlango.

Ijumaa, 4 Aprili.

Mvua. Sikula.

Jumamosi, 5 Aprili.

Ameagiza kuku. Kuku amekaa mlangoni mpaka mwenye nyumba akaniingizia. Sikuandika maoni.

Jumapili, 6 Aprili. Mvua.

Alikuja saa ileile. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti mimi, leo nimekalia kiti changu, yeye akakosa pa kukaa na akasimama. Sikumzungusha. Nikamwambia nimemwona mjukuu wangu.

Aliketi sakafuni. Mtu mzima na tai yake, sakafuni. Nikamwacha, maana hata ugali nilikuwa siuharakishi.

"Niliwaambia umefariki," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia, akiangalia zulia. Walipotaka kuoana, wazazi wa mkewe waliuliza habari za kwao: baba nani, mama nani, anafanya kazi gani. Baba alikuwa kweli amefariki. Alipofika kwangu ulimi ukamshinda kusema mpishi wa shule, kwa watu wale, kwenye sebule ile. Akasema wote wawili. Alidhani atarekebisha baadaye. Baadaye ikawa harusi, ikawa mtoto, ikawa sasa.

Nikamwambia, "Huo upishi ndio umekuvalisha hiyo tai."

"Najua, Mama."

"Mtoto anaitwa nani?"

Akaanza kulia kabla ya kunijibu, nikajua ni kitu kibaya. Akanitajia jina. Ni langu. Jina langu la kuzaliwa, ambalo hakuna aliyeniita tangu mume wangu aondoke. Mkewe ndiye aliyelichagua, ili kumkumbuka bibi ambaye mtoto hatamwona.

Kunikumbuka mimi. Nimekaa hapa, kijiko mkononi, mate mdomoni, nakumbukwa.

Ningempiga kofi lingekuwa la haki yangu. Sikumpiga. Nilimwambia aende nyumbani, mtoto asilale bila kumwona. Akaniuliza kama nimemsamehe. Nikamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Jumatano, 9 Aprili. Mvua.

Jumatatu, 14 Aprili. Mvua.

Jumamosi, 26 Aprili.

Nimechukia, nimechoka kuchukia, nimeanza tena. Leo asubuhi nilimkumbuka akiwa darasa la tatu, wenzake wakimcheka kuwa mama yake ananuka moshi. Alikuja jikoni akanikumbatia makusudi mbele yao wote ili na yeye anuke. Mtoto yule ndiye huyu. Sijui njiani alikutana na nini.

Amepiga simu. Hawezi kuwaambia ukweli sasa, anasema, mkewe atamwacha, na ana wakwe wasiosamehe. Lakini kama nataka kumwona mtoto kabla sijaondoka, tunaweza kula pamoja mgahawani. Atasema mimi ni jirani wa zamani, nilimjua tangu mdogo, nimepita safarini. Jirani! Nilikata simu. Baada ya kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi nikampigia mwenyewe, nikamwambia sawa.

Jumapili, 4 Mei. Mvua ilikatika saa nne.

Nitaandika yote, yasije yakanipotea.

Mgahawa aliuchagua mkewe, una nyota nyingi na meza za mbao. Bi Kona alinifikisha mapema. Nilikuwa nimesuka nywele na kuvaa gauni nililovaa kwenye mahafali ya mwanangu. Walipoingia, mwanangu akanipa mkono. Mkono! Nami nikaupokea, nikasema hujambo baba, umekua, kama jirani anavyosema.

Mkewe ana macho ya upole, nimtafutie kasoro mpaka nichoke. Yeye hajui lugha yangu nami sijui yake, kwa hiyo mwanangu alikaa katikati akitafsiri. Mtoto hakuhitaji mkalimani. Alipanda kwenye benchi karibu nami, akaniangalia sikio, akaniangalia sikio la pili, akachota uji wake na kunilisha. Uji una sukari kupita kiasi. Niliumeza kama dawa ya uzima.

Kisha mkewe akasema kitu kirefu, taratibu, akinitazama. Mkewe akamgusa mkono ili atafsiri.

"Anauliza kama ulimjua mama yangu."

"Mwambie nilimjua."

"Anauliza alikuwaje."

Nilitazama meza. Nikajikaza kisabuni. Nikasema alikuwa na mdomo mrefu na mkono mzito wa chumvi, lakini mtu hakutoka kwake na njaa. Nikasema alikuwa anaringa. Mwanawe alipopata kazi nje ya nchi alimwonyesha picha yake hata muuza mkaa. Nikasema hakuogopa kitu maishani isipokuwa kula peke yake. Mwanangu alitafsiri yote, sentensi kwa sentensi, sauti ikizidi kupungua, na kwenye ile ya mwisho akashindwa, akajifanya anamfuta mtoto mdomo. Mkewe alimsubiri. Akamalizia.

Mke akatoa simu yake, akatuonyesha. Maoni yangu. Yote, tangu wali wa kwanza. Akasema, na mwanangu ikabidi alitafsiri hilo pia, kwamba tangu mvua zianze mumewe anaandika kama marehemu mama yake angeandika. Hamsemeshi juu yake kwa sababu anajua ni majonzi, kila mtu ana namna yake ya kulia. Lakini anasoma kila moja, na pale mama anaposema mwanangu hakuja, yeye huenda bafuni akalia.

Mwanangu hakuinua uso. Nami nilikuwa nimefungua mkoba wangu kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Nikatoa kitambaa cha meza. Nikakiweka mbele ya mkwe wangu, nikakikunjua ili aone maua.

"Mwambie mama yako alikitarizi kwa ajili ya meza yake," nikasema. "Aliniachia mimi nikilete."

Alikishika kwa mikono miwili, akakiweka usoni, akakinusa. Nimekihifadhi na karafuu, atakuwa amezisikia. Kisha akainuka, akanikumbatia mimi, jirani, kwa nguvu ambayo sikuitegemea, na mtoto akakumbatia goti langu kwa sababu ndilo alilolifikia.

Mlangoni mwanangu alinishika kiwiko. Akaniomba nisiandike tena. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nikishavuka mpaka, hii programu haifanyi kazi, alinieleza mwenyewe.

Jumanne, 6 Mei. Jua.

Nimefunga sanduku. Ni jepesi. Kibata nimekibandua kwenye birika, nimekiweka humu kati ya kurasa.

Ijumaa, 9 Mei. Uwanjani.

Amenileta asubuhi akiwa amewahi kazini kuomba ruhusa. Amenibebea mzigo, amenitafutia kiti, amenivalisha koti. Safari hii yeye ndiye aliyenikumbatia, na watu walikuwa wanapita, na hakuwajali. Akasema sikioni mwangu kwamba atawaambia. Sijui lini. Nikampapasa kichwa. Nilitamani nimwamini na nikaona nimechoka. Akaenda.

Nimekaa mlango wa kuondokea. Ramani bado inanionyesha, kidoti changu, na kule ng'ambo ya mto kuna lile neno, Nyumbani. Nikafungua programu ya migahawa. Ule mgahawa wa meza za mbao bado unaniuliza: chakula kilikuwaje?

Niliandika: "Mimi ndiye mama yake. Niko hai. Nilikuwa nimekaa karibu na mtoto."

Nikaitazama. Kubonyeza mara moja tu. Angesoma kabla sijapanda ndege, angejua yule jirani ni nani, na mjukuu wangu angekuwa na bibi. Na angejua pia kuwa kila usiku analala na mtu aliyemzika mama yake kwa mdomo. Angeyajua hayo kwenye simu, pengine amesimama jikoni na mtoto mkononi. Nilimfundisha mwanangu kusema, kutembea, kula kwa adabu. Hili lazima alitamke yeye. Nikimtamkia mimi, ataendelea kuwa mtu niliyemwona sakafuni.

Nikafuta, herufi kwa herufi, na kila herufi iliniuma.

Kisha nikaandika: "Uji wa mtoto una sukari nyingi mno. Mpunguzieni, meno yake bado machanga. Mengine yote yalikuwa mazuri." Nyota tano. Nikatuma, jina la mwanangu, picha ya mwanangu, tai na tabasamu.

Wametuita tupange foleni. Sikusimama. Nikasubiri viatu vyekundu.

Vikaja. Kwanza kopa, kama kawaida yake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nianze, akaandika. Nikabonyeza kitufe cha kugeuza.

"Sawa, Mama. Nitapunguza."

Sijui kama alikuwa anamjibu marehemu au ananijibu mimi. Nimeisoma na kuisoma, nimelia bila kujificha, mpaka mhudumu akaja kunigusa bega na kunionyesha kwa mkono kwamba foleni imekwisha, nimebaki mimi tu.